UZI: Leopoldsreut, kijiji cha msituni kilichozaliwa na chumvi kikazikwa na miti

Mpita Njia (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi kwenye ule mjadala wa majina ya miji, kisha nikawa napiga danadana. Leo niko off, nje theluji inamwagika, chai ipo. Twende.

Naishi Passau, kusini-mashariki mwa Ujerumani, pale mito mitatu inapokutana: Danube, Inn na Ilz. Jumapili moja ya mwezi wa kumi nilifuatana na jamaa yangu kwenda kuokota uyoga kwenye mlima Haidel, karibu na mpaka wa Czechia. Uyoga wa maana hatukupata. Tulipata kanisa.

Yaani unatembea kwenye msitu mnene, saa nane mchana lakini kiza kama magharibi, mara miti inaachia nafasi kidogo na mbele yako linasimama kanisa. Si gofu, ni kanisa zima lenye paa na mlango. Jirani yake kuna jengo la shule. Basi. Hakuna nyumba, hakuna duka, hakuna hata mbwa wa kukubwekea. Kanisa lisilo na waumini na shule isiyo na watoto, vimekaa porini vinatazamana.

Nikamuuliza jamaa, wenyewe wako wapi? Akaniambia hapa palikuwa na kijiji, kinaitwa Leopoldsreut, wazee wanapaita Sandhäuser, yaani nyumba za mchanga. Mtu wa mwisho aliondoka 1962.

Tangu siku hiyo sijatulia. Nimerudi mara nne. Nitayaweka hapa niliyoyakusanya, kwa vipande, maana nikimwaga yote kwa mkupuo mmoja hamtasoma.

Kisiki Hai

Nimeweka kiti. Ila mkuu, 1962 si zamani. Mimi nilidhani unatuletea magofu ya karne ya 12. Vita ya Pili ndiyo iliwafukuza?

Mpita Njia

Hapana, na ndiyo maana kisa hiki kimenikaa. Hakuna bomu lililoanguka pale, hakuna tauni iliyowamaliza, wala bwawa lililowazamisha. Nitafika huko. Tuanze na jina.

Majina mengi ya kona ile yanaishia na -reut: Leopoldsreut, Bischofsreut, Philippsreut. Neno hilo linatokana na kitendo cha kufyeka msitu na kung'oa visiki ili pawe shamba. Leopoldsreut ni kama kusema "alipofyeka Leopold". Ukiona jina la hivyo kwenye ramani, jua kabla yake palikuwa na miti tu. Kuna na -schlag, maana yake palipokatwa miti. Ramani nzima ya msitu ule ni orodha ya watu walioshika shoka.

Huyo Leopold mwenyewe hakushika shoka hata siku moja. Alikuwa wa ukoo wa Habsburg, watawala wa Austria waliokaa Vienna, ndugu wa damu wa Kaisari Ferdinand II, na alikuwa askofu wa Passau na wa Strasbourg kwa wakati mmoja bila kuwahi kupewa upadri. Zama zile uaskofu wa namna hiyo ulikuwa cheo cha utawala: askofu wa Passau alikuwa na nchi yake, askari wake na ushuru wake. Mwaka 1611 askari wa kukodi wa bwana huyu waliingia Bohemia (sehemu ya magharibi ya Czechia ya leo) na kufanya fujo mpaka Prague. Baadaye akauvua uaskofu, na mwaka 1626 akamwoa Claudia de' Medici wa Florence, akawa mtawala wa Tyrol. Mtu wa mipango, tuseme hivyo.

Kijiji chake kilianzishwa 1618. Wanaokumbuka historia ya Ulaya wanajua 1618 ni mwaka gani: mwezi wa tano, huko Prague, wakubwa wa Kiprotestanti waliwatupa maofisa wa Kaisari dirishani, na Vita ya Miaka Thelathini ikaanza. Prague ni mji mkuu wa Bohemia, na Bohemia inaanzia nyuma ya kilima tu ukisimama Leopoldsreut.

Chizi Ramani

Mkuu tupe jiografia kwanza, wengine bila ramani hatuelewi kitu. Kimo? Mito? Udongo?

Mpita Njia

Nilijua utakuja wewe.

Kimo ni mita 1108. Kwa anayetaka kipimo cha nyumbani, Dodoma iko karibu kimo hichohicho. Lakini Dodoma iko digrii sita kusini mwa ikweta na huku tunakaribia digrii 49 kaskazini, kwa hiyo kimo kile kinachowapa Dodoma upepo mzuri wa jioni, huku kinakupa theluji ya kufunika dirisha. Wenyeji wa Msitu wa Bavaria wana msemo: robo tatu ya mwaka ni kipupwe, na robo inayobaki ni baridi.

Juu ya kijiji kuna kilele cha Haidel, mita 1167 hivi, na siku hizi kuna mnara wa mbao wa kama mita 35 unaopanda kwa ngazi. Siku hewa ikiwa safi unaiona Alps imejipanga kusini kama meno ya msumeno. Milima hii yenyewe ni vizee ukilinganisha na Alps: ni mawe ya itale na jamii zake, ya mamia ya mamilioni ya miaka, imelika mpaka imekuwa na migongo ya mviringo. Ndiyo maana udongo ni mwembamba, wenye tindikali, na umejaa mawe. Kila mwaka ukilima unaokota mawe mapya, barafu imeyasukuma juu.

Sasa kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Mgongo ule wa Haidel unagawa maji. Tone likianguka upande wa magharibi linaingia vijito vya Ilz, kisha Danube, kisha linasafiri mpaka Bahari Nyeusi. Likianguka upande wa mashariki linaingia Moldau Baridi, ule mkono wa mto Moldau (Wacheki wanauita Vltava) unaopita Prague, kisha Elbe, linapita Hamburg mpaka Bahari ya Kaskazini. Jamaa yangu alimwaga chai iliyobaki kwenye chupa, nusu kulia, nusu kushoto, akasema ameshatuma salamu kwa Waromania na kwa Wahamburg. Utoto, lakini na mimi nilifanya.

Mama Nuru

Kaka, mimi swali langu ni la jikoni. Pahali pa baridi hivyo, udongo wa mawe, walikula nini? Na nani alikubali kwenda kuishi huko kwa hiari yake?

Mpita Njia

Dada Mama Nuru, hilo ndilo swali lenyewe. Jibu la nani alikubali ni chumvi.

Bohemia haina chumvi. Nchi nzima yenye rutuba, ng'ombe, bia na migodi ya fedha, lakini chumvi ya ardhini hakuna. Na zamani chumvi haikuwa ya kukoleza mchuzi tu: bila chumvi nyama ya kipupwe inaoza, jibini haitengenezeki, mifugo inadhoofu. Upande wa pili, kusini, Hallein na Reichenhall karibu na Salzburg zilikuwa na chumvi ya kumwaga. Ilipakiwa kwenye majahazi ya mtoni, ikashuka Salzach, ikaingia Inn, ikafika Passau. Pale boti zinaishia, kwa sababu mbele ni mlima na msitu.

Kwa hiyo kutoka Passau ilipanda migongoni mwa farasi. Njia hiyo inaitwa Goldener Steig, Njia ya Dhahabu, ingawa iliyobebwa ni chumvi. Imetajwa kwenye maandishi tangu 1010, pale Mfalme Heinrich II alipoipa nyumba ya watawa wa kike wa Niedernburg, Passau, haki ya kutoza ushuru wake. Ilikuwa na matawi matatu ya kuingia Bohemia: la Prachatice, la Vimperk na la Kašperské Hory. Tawi la Prachatice ndilo la kongwe, na ndilo linalopita mlangoni mwa Leopoldsreut. Kijiji cha kwanza nje ya Passau kwenye njia hiyo mpaka leo kinaitwa Salzweg, Njia ya Chumvi. Mimi hupita hapo na basi.

Farasi mmoja alibeba kama kilo 150, mapipa mawili, moja kila ubavu. Wakati wa kurudi walileta nafaka, kimea na humle (mmea wa kuungia bia). Karne ya 16, Prachatice ilipokea zaidi ya farasi elfu moja kwa wiki. Nenda leo uone nyumba za mji ule zilivyochorwa kuta zake kuanzia chini mpaka darini, ndipo utaelewa faida ya chumvi ilikaa wapi. Haikukaa Leopoldsreut.

Sasa fikiria njia yenye mali kiasi hicho inapita siku nzima kwenye msitu usio na mtu, mpakani, vita inanukia. Farasi akivunjika mguu kwenye theluji? Wanyang'anyi? Walowezi waliwekwa pale wawe macho ya askofu mpakani na waitunze njia. Wakapewa ardhi ya kufyeka. Mtu asiye na kitu bondeni, ukimwambia atapata shamba lake, atapanda mlima wowote.

Kuhusu chakula: rai, oti, kabichi, maziwa, na viazi vilipofika baadaye vikawa mkombozi. Kitani walipanda kwa ajili ya nguo. Ngano haikubali. Ng'ombe walikaa zizini sehemu kubwa ya mwaka, zizi na nyumba chini ya paa moja ili joto la mnyama limsaidie mtu.

Kisiki Hai

Umesema faida haikukaa Leopoldsreut. Hapo umegonga. Hata kwetu lori za mizigo zinapita kijijini usiku kucha, kinachobaki ni vumbi na mama ntilie wawili.

Babu Darubini

Nimesoma kimya mpaka hapa. Vijana, msikimbilie mwisho. Njia za biashara huwa zinakufa kwa sahihi ya mtu. Mwandishi, nani aliua hii?

Mpita Njia

Shikamoo mzee. Umelenga penyewe.

Bohemia ilikuwa chini ya Habsburg, na Habsburg walikuwa na chumvi yao wenyewe huko Salzkammergut, karibu na Gmunden. Wakajiuliza kwa nini raia wetu wanamtajirisha askofu wa Passau na machimbo ya majirani? Wakabana: ushuru, kisha marufuku. Mwanzoni mwa karne ya 18 msururu wa farasi ukakatika. Hakuna aliyeshambulia njia. Iliandikwa karatasi Vienna, na msituni kengele za farasi zikanyamaza.

Leopoldsreut ilikuwa na umri wa miaka mia tu. Kazi iliyowapeleka pale imeisha, lakini wao wapo, wana watoto, wana makaburi. Mwaka 1803 hata dola la askofu lenyewe likafutwa, baada ya muda mfupi eneo likawa la Bavaria. Kijiji cha walinzi wa njia hakina njia na hakina bwana.

Wakageukia kilichobaki: msitu. Na hapa ndipo nataka mkae vizuri.

Ukataji wa miti ulifanyika nje ya theluji, lakini ushushaji wa magogo ulisubiri theluji. Kulikuwa na chombo kinaitwa Hornschlitten: kitu cha mbao cha kuteleza juu ya theluji, hakina magurudumu, mbele kina pembe mbili zilizopinda juu kama za ng'ombe. Mtu mmoja anasimama MBELE ya mzigo, kati ya zile pembe, mgongo wake umeegemea magogo, visigino vimechimbia theluji, anateremka mlima. Breki ni visigino vyake na minyororo iliyofungwa nyuma ikiburuta. Barafu ikiwa ngumu kuliko ulivyokadiria, mzigo haukusubiri. Kuna chombo kimoja kwenye jumba la makumbusho la huku, niliingia katikati ya pembe (mlinzi alikuwa anatazama kwingine) nikageuka nyuma kutazama mahali magogo yanapokaa. Yanakufika juu ya kichwa. Nilitoka haraka.

Magogo yakifika kwenye vijito yalisubiri maji ya theluji inayoyeyuka mwezi wa nne, yakaelea mpaka Ilz, mpaka Passau. Upande wa Bohemia mhandisi Josef Rosenauer alikwenda mbali zaidi: kuanzia 1789 alijenga mfereji wa Schwarzenberg uliovusha kuni kutoka bonde la Moldau, juu ya ule mgongo unaogawa maji, mpaka upande wa Danube, ili Vienna ipate kuota moto. Chizi Ramani, hapo najua umesimama wima.

Chizi Ramani

Nimesimama kweli. Kuni za bonde la Bahari ya Kaskazini zinavushwa kuingia bonde la Bahari Nyeusi! Karne ya 18! Heshima kwa huyo fundi.

Mama Nuru

Na ile shule?

Mpita Njia

Shule. Watu wa huku hujigamba kwamba ilikuwa miongoni mwa shule zilizokaa juu kabisa Ujerumani. Mimi kinachonigusa ni ukubwa wake. Usifikirie kibanda. Ni jengo la kueleweka, madirisha yake yamepangwa vizuri, la watu walioamini kwamba wajukuu wao watasoma pale. Kanisa ni la Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetupwa mtoni kutoka daraja la Prague mwaka 1393. Nimelipenda hilo: wanakijiji wa Bavaria wanasali chini ya mtakatifu wa Bohemia. Mpaka ulikuwa kwenye karatasi za wakubwa; miguu, ndoa na magendo vilivuka.

Mpaka siku ulipokuwa mpaka kweli. Baada ya 1945 Wajerumani wa upande wa Bohemia walifukuzwa kwa mamilioni, vijiji vya jirani upande ule vikabaki vitupu. Kisha 1948 Wakomunisti wakashika nchi, likashushwa Pazia la Chuma: nyaya, minara, askari wenye amri ya kupiga risasi. Reli iliyopita Haidmühle kuingia Bohemia ilikatwa. Leo upande wa Nové Údolí kuna kipande cha kama mita mia moja kinachovuka mpaka, wanakitangaza kwa utani kwamba ndiyo reli fupi kuliko zote za kimataifa duniani.

Basi Leopoldsreut ikawa mwisho wa dunia. Mbele waya, nyuma msitu, juu theluji. Wakati huohuo bondeni Ujerumani Magharibi inajengwa upya, viwanda vinatafuta watu, kuna mshahara kila mwezi na maji ya bomba. Kijana gani atabaki kuokota mawe? Wakaanza kuondoka, kaya moja baada ya nyingine. Idara ya misitu ya serikali ikawa inanunua ardhi. Wanaonunuliwa wanashuka, nyumba zinabomolewa, shamba linapandwa miti. Mwaka 1962 pakabaki kimya.

Ndiyo maana nasema miti ndiyo iliyozika. Ukienda pale usitazame kanisa tu. Tazama msitu unaolizunguka. Ile miti ya jamii ya msonobari, wenyewe wanaiita Fichte, imesimama kwa mistari, unene mmoja, umri mmoja, chini hamna hata kichaka. Msitu wa asili haukai hivyo. Ungekuta Buche (mti wa majani mapana) na miti mingine imechanganyika, vizee kwa vitoto, mingine imelala. Ukikuta mistari, umesimama shambani kwa mtu. Na katikati ya mistari unakutana na tuta refu la mawe limeota kuvu: huo ndio mpaka wa shamba, mawe ya karne tatu, jiwe moja moja kwa mikono.

Mlima Magamba

Mleta uzi, mimi ni wa Lushoto. Hiyo mistari ya miti unayoieleza naijua tangu utotoni. Babu zetu walikuwa wanasema Mdachi alikuja na kamba ya kupimia kabla hajaja na Biblia. Kuna uhusiano hapo au ni mawazo yangu?

Mpita Njia

Si mawazo yako, ndugu yangu. Ni mabwana misitu wa elimu ileile. Walipokuwa Usambara, Lushoto wakiiita Wilhelmstal, walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, na 1904 wakatoa sheria ya kulinda misitu ya koloni. Kuanzia hapo msitu ukawa na mpaka wa serikali, na mtu aliyezoea kulima, kukata kuni au kuchunga ndani yake akageuka mkosaji. Tofauti ninayoiona: wa Leopoldsreut aliuza akashuka na hela mfukoni, hata kama ilikuwa kidogo. Wa Usambara aliambiwa tu.

Kisiki Hai

Sasa huko kwao hiyo mistari imewasaidia? Nasikia misitu ya Ulaya inakauka.

Mpita Njia

Inakauka. Kuna mbawakawa mdogo kama punje ya mchele, anaingia chini ya gome la Fichte na kuchimba vichochoro vyake humo, mti unakufa umesimama. Ukipanda mti wa aina moja, umri mmoja, bega kwa bega, umemwandalia karamu. Upepo nao ukiangusha mstari wa kwanza, mingine inafuata. Kilomita chache kaskazini kuna Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Bavaria, ya kwanza Ujerumani, ilianzishwa 1970. Miaka ya 1990 mbawakawa aliua Fichte kwa maelfu ya hekta, na wenye hifadhi wakaamua kutoingilia. Wenyeji walikasirika kweli, waliona msitu wa babu zao umekuwa makaburi ya vijiti vya kijivu. Leo chini ya vile vijiti msitu mchanga umerudi wenyewe, umechanganyika, bila kamba ya mtu.

Babu Darubini

Marahaba kwa ile shikamoo, nilichelewa kuitika. Swali la mwisho kwangu: hao watu wa mlimani walivuta nini? Mtu hakai robo tatu ya mwaka ndani bila starehe.

Mpita Njia

Haha, mzee! Ugoro. Msitu wa Bavaria ni nchi ya ugoro, wanauita Schmai. Mkata miti hawezi kushika kiko na shoka kwa pamoja, na msitu mkavu hautaki cheche. Tena walikuwa na viwanda vya kioo msituni, maana kuni zipo, mchanga upo, na majivu ya miti yanatoa magadi ya kuyeyushia. Mafundi wakawa wanajitengenezea vichupa vya ugoro vya rangi, vidogo vya kutosha kiganjani, vizuri ajabu. Ninacho kimoja cha buluu, nilinunua mnadani. Ndani bado kinanuka.

Mama Nuru

Nikija kumtembelea mdogo wangu Munich nataka nifike. Njia rahisi?

Mpita Njia

Treni mpaka Passau, basi mpaka Waldkirchen, kisha kuelekea Haidmühle. Basi za Jumapili ni chache, angalia saa ya kurudi kabla hujashuka, mimi nilishalala kwenye kibanda cha kituo nikiwa na uyoga mbichi na njaa. Ukifika Bischofsreut uliza Haidel, panda kwa miguu, utafuata alama za Goldener Steig. Njoo kati ya mwezi wa sita na wa tisa. Na beba sweta, dada, hata kama Munich watu wamevaa kaptura.

Mama Nuru

Sweta mbili. Nitakutafuta inbox.